Ngoma za Kuazima

Wiki nzima nililala na kuamka na swali moja: nikikataa, watatunyang'anya ukumbi?

Kanisa la Fort Worth, huku ughaibuni, lililotupa sisi wahamiaji ukumbi wa kusalia Kiswahili kila Jumapili alasiri lilikuwa la mawe, lenye mnara wa mraba, limejengwa kwa kuiga kanisa kongwe la kijiji kimoja cha Uingereza. Hata mtakatifu msimamizi walimchukua wa kijiji kile. Mimi mtakatifu huyo nilimjua kabla sijajua kusoma. Wamisionari walioanzisha parokia yetu, karibu na Muheza, walitoka kijiji hichohicho. Walituachia jina lake na picha ya mnara ule, iliyotundikwa sakristia. Sikukuu yake kwetu ilikaribia Krismasi kwa ukubwa: ubani, maandamano ya kulizunguka kanisa tukiimba wimbo wake, kisha pilau.

Sasa mzee wa kamati yao, mtu wa tabasamu lisilozimika, alinionyesha ratiba ya sikukuu. Ibada kwanza. Halafu uwanjani, katikati ya nyama choma na michezo ya watoto: ngoma za Kiafrika. Ndio sisi hao.

"Hatuna ngoma," nikamwambia. "Kwaya yetu inaimba kwa vitabu, sauti nne."

"Usijali, tutawaazimia."

Nikamweleza kwamba mtakatifu huyu ni wetu pia, tangu enzi za babu zetu. Akafurahi kwa dhati. "Vizuri sana. Utalisema hilo kwenye maikrofoni, kabla hamjaanza kucheza."

Niliendesha gari kwa hasira hadi Grand Prairie, mji wa jirani, kwa mama mmoja anayetufundisha kwaya, muuguzi wa wazee. Alinisikiliza akimenya viazi.

"Ukumbi wametupa bure, mwanangu. Tukiwaudhi tutasalia wapi, gereji kwangu?"

"Lakini mama, mtoto wa nyumba anachezeshwaje uani kama mgeni wa kukodiwa?"

"Umewaambia hivyo?"

"Bado nafikiria."

"Wewe na digrii yako! Hata chai mpaka uiitishie kikao." Akacheka, kisha akaweka kisu chini. "Mimi sitaki kucheza pale. Miguu yenyewe inauma. Lakini Kiingereza cha kuwakatalia unacho wewe."

Niliandika maneno ya kusema, nikayafuta, nikayaandika tena. Mwisho nikapiga simu bila karatasi. Nilimwambia mzee yule kwamba uwanjani hatutacheza. Tutaingia na maandamano ya ibada, nyuma ya msalaba, na wimbo wa mtakatifu tutauimba kwa Kiswahili. Ama sivyo tutakaa kwenye mabenchi kama waumini wengine, kimya. Akasema atawauliza wenzake. Hakunipigia tena.

Jumapili tulivaa majoho yetu, tukajipanga mlangoni. Mwongoza wageni akanong'ona kwamba kwaya ya Kiafrika ni baadaye, nje. "Sisi ni waumini wa mtakatifu huyu," nikamjibu. Msalaba ulipoinuliwa, nikafungua kitabu, nikaanzisha sauti, tukaingia.