Cheni Iliyolia Tangu Litein

Kuna Ijumaa moja ambayo hunijia akilini kila nikiona kijana mpya akiinama kuangalia chini ya pikipiki yake, halafu akisimama na kujifanya hakuona kitu. Nikimwona hivyo husogea karibu. Simwambii lolote, nasimama tu. Lakini wewe, mdogo wangu, uliyemaliza chuo juzi na kuja kwenye steji yetu ya bodaboda ya Kabianga, Kericho, ukisubiri kazi, nitakuambia yote, maana mimi pia nilikuja hapa na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya plastiki, na mpaka leo wananiita Digrii.

Wakati huo nilikuwa na miezi mitano kwenye steji. Pikipiki haikuwa yangu, ilikuwa ya mjomba. Mwenzetu mmoja, Weldon, alifiwa na baba yake. Mzee huyo alikuwa amehamia shamba lililo mbele ya Narok miaka mingi nyuma, na huko ndiko angezikwa. Habari za ugonjwa zilimfikia Weldon pamoja na habari za kifo, kwa simu moja. Hakupata nafasi ya kumpelekea hata uji. Kwa hiyo alitaka jambo moja tu: kufika kabla kaburi halijafunikwa, atupe udongo kwa mkono wake mwenyewe. Familia ilisema jeneza litashushwa saa saba mchana.

Steji iliamua kumsindikiza. Tulikuwa pikipiki saba. Weldon aliendesha yake, tukamweka katikati. Wa mwisho alikuwa mzee arap Sang, mkubwa wetu kwa umri, mtu aliyeendesha trekta ya majani chai miaka mingi kabla ya kununua pikipiki. Yeye ndiye mkia wa msafara. Mkia hubeba mfuko wa spana na hampiti mtu wa msafara wake.

Utakuta hapa kanuni mbili za safari ndefu, na hazijaandikwa popote. Ya kwanza: kila mnaposimama, kila mmoja anataja ugonjwa wa pikipiki yake, hata kama ni mdogo. Ya pili: injini moja ikizima kwa shida, zote zinazimwa, na hakuna anayetangulia mpaka iwake. Hiyo ya pili mwanzoni niliiona ni kupoteza wakati. Baadaye nilielezwa kwamba kuna mtu aliwahi kuachwa na wenzake peke yake kwenye barabara ya mikaratusi, mvua ikinyesha, na waliporudi kumtafuta hakuwa anataka tena kuongea nao. Ilikuwa zamani, kabla yangu. Sikuuliza zaidi.

Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mvua ikatushika mpaka saa moja na nusu. Tulipofika Litein kujaza mafuta, nilikuwa nimeanza kusikia sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayetafuna kitu kigumu polepole, chini upande wa kushoto, na ilikuja nikipunguza mwendo kisha ikapotea nikiongeza.

Mzee arap Sang alishuka, akavua glavu.

"Haya, wagonjwa?"

"Yangu breki ya nyuma imelegea," mmoja akasema.

"Yangu inakunywa mafuta kama mgeni wa harusi."

"Yangu iko sawa," akasema Cheruiyot, jamaa mmoja mnene asiyeisha utani. "Mwenyewe ndiye mgonjwa. Sijakula."

"Wewe huo ugonjwa ulizaliwa nao," mzee akamjibu. "Digrii?"

"Niko sawa, mzee."

"Nimeuliza pikipiki."

"Pikipiki pia iko sawa."

Duka la vipuri lilikuwa hatua ishirini kutoka tuliposimama. Lilikuwa limefunguliwa. Nililitazama nikijibu.

Nitakueleza nilivyofikiri, kwa sababu utakapofikiri hivyo ningependa uyatambue mawazo hayo mapema. Nilijiambia kwamba nikisema, wote watazima injini. Wakizima, Weldon atachelewa. Akichelewa, kila mwaka siku ya kifo cha baba yake atakumbuka jina langu. Nikajiambia pia kwamba huenda sauti ni kokoto tu, na nikiwasimamisha watu kwa ajili ya kokoto watasema msomi anaogopa hata pikipiki yake. Halafu nikawaza kwamba labda wote wana sauti kama hiyo na wamenyamaza kwa heshima ya msiba, mimi peke yangu ndiye ninayeona ni kitu. Nilikuwa na sababu nyingi, na nyingine zilikuwa nzuri. Kwa jumla zilinionyesha kwamba kunyamaza kwangu ni huruma kwa Weldon. Lakini hakuna hata moja iliyohusu cheni yenyewe. Sikuinama kuiangalia.

Barabara kuu ilikuwa na ujenzi, tukakata kwa ndani kupitia Mogogosiek. Karibu na kiwanda tulisimama kupisha malori ya majani chai, na mzee akauliza tena. Nikasema tena niko sawa. Mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Nadhani ni kwa sababu sasa, kama ningesema ukweli, ningelazimika kueleza pia kwa nini sikuusema Litein.

Tulipita Bomet mjini bila kusimama. Tulipokuwa tunateremka kuelekea Longisa, kitu kilipasuka karibu na mguu wangu wa kushoto. Gurudumu la nyuma likafunga, pikipiki ikayumba kulia na kushoto, nikaishikilia mpaka ikasimama yenyewe pembeni. Cheruiyot, aliyekuwa nyuma yangu, alikosa nafasi ya kunipita akaingia ndani ya shamba la mtu. Tulimsikia kabla ya kumwona. Alitoka akisukuma pikipiki, majani ya mahindi yamejaa kwenye helmeti.

"Mahindi ya huku yamekomaa," akasema. "Hayo mengine nitawaambia nikipata pumzi."

Hakuumia. Usukani wake ulikuwa umepinda kidogo tu.

Injini zikazimwa moja baada ya nyingine. Ya Weldon ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa saa nne na nusu, na kutoka pale mpaka shambani kwao ulibaki mwendo wa zaidi ya saa mbili.

Mzee arap Sang alichutama, akaichomoa cheni iliyokuwa imejikunja kwenye gurudumu. Alikuwa na kiungo kimoja cha akiba, lakini alipoipitisha cheni kwenye vidole vyake akakuta imepasuka sehemu nyingine tatu. Ilihitajika nyingine nzima. Akamtuma mmoja wetu arudi Bomet kutafuta. Kurudi nyuma kuleta kipuri kunaruhusiwa. Kutangulia ndiko kusikoruhusiwa.

Simu ya Weldon ikaita. Alikuwa dada yake. Sote tulisikia, kwa sababu kule nyuma yake watu walikuwa wanaimba na ilimbidi apaze sauti. "Uko wapi? Pasta amefika. Wanasema kuna wingu, huenda wakashusha mapema."

"Niko Bomet," Weldon akasema. "Kuna pikipiki imeharibika."

"Yako?"

"Ya mwenzangu."

"Si umwache?"

Weldon aliitazama pikipiki yangu. "Waambie wanisubiri," akasema, akakata.

Nilimwendea. Nikamwambia, "Ndugu, nenda. Nyinyi wote nendeni, mimi nitabaki hapa."

"Hapana, Digrii. Tumetoka saba." Hakuwa na hasira. Alitoa hata tabasamu dogo. "Shida humpata mtu yeyote. Hata ingekuwa yangu mngezima."

Nilisimama pale mbele yake. Mdogo wangu, nafikiri kama angenitukana ningeendelea kunyamaza. Ningeona tumelipana. Lakini alikuwa amekaa juu ya jiwe, amevaa shati jeupe la mazishi chini ya reflekta, na alikuwa tayari kukosa kumzika baba yake kwa sababu aliamini jambo ambalo halikuwa kweli. Mimi tu ndiye niliyejua kwamba si kweli. Kama ningenyamaza, asingejua kamwe.

"Niliisikia tangu Litein," nikasema.

"Ulisikia nini?"

"Cheni. Ilikuwa inalia tangu Litein. Mzee aliuliza nikasema niko sawa. Mogogosiek pia aliuliza."

Cheruiyot, ambaye hana jambo asilolifanyia mzaha, aliangalia pembeni. Weldon alinitazama muda kama wa mtu kusoma kibao cha barabarani, kisha akamtazama mzee.

Mzee arap Sang alikuwa bado amechutama. Alifuta mikono kwa kitambaa, bila haraka. "Weri," akaniita, kama wanavyoita kijana wa kiume kwetu, "sisi tunazima injini kwa mtu aliyepatwa na shida. Wewe leo hukupatwa. Ulikuwa nayo mfukoni ukatembea nayo." Kisha akageuka. "Weldon, washa. Enda na hawa wawili. Msisimame popote ila kwa mafuta."

"Na kanuni, mzee?"

"Kanuni inamlinda anayesema. Yeye hakusema. Enda ukamzike baba yako."

Weldon alivaa helmeti. Hakuniaga. Pikipiki tatu ziliondoka, nikazisikia mpaka zikapotea mteremkoni. Tukabaki mimi, mzee na Cheruiyot, pamoja na yule aliyekwenda Bomet, ambaye alipiga simu kusema duka la kwanza halina cheni ya saizi yetu na la pili limefungwa.

Hapo ndipo alipokuja mtu mmoja akitokea upande wa Longisa, pikipiki imebeba makreti matatu ya nyanya. Alisimama bila kupungiwa mkono. Aliniambia baadaye anaitwa Njoroge, mfanyabiashara wa sokoni Bomet. Alisoma jina la steji yetu kwenye reflekta ya mzee, akaiokota cheni yangu kutoka kwenye nyasi.

"Nyinyi watu wa Kericho," akasema, "hii ni cheni ama ni kamba ya kufungia ndama?"

"Ya kufungia msomi," Cheruiyot akasema.

Njoroge aliuliza tunakwenda wapi. Mzee akamweleza kwa sentensi mbili. Yule mtu aliangalia pikipiki yangu, akaangalia yake. Zilikuwa za aina moja. Akaanza kushusha makreti.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Natoa cheni yangu. Nyinyi mnakwenda msibani. Mimi kwangu ni hapo juu tu, nitapiga simu jamaa waje wanivute. Kesho mkirudi mtanipata sokoni, uliza mtu wa nyanya."

"Na soko lako?"

"Nyanya haizikwi," akasema. "Shika hiyo spana, usinitolee macho."

Nilishika spana. Sijawahi kujisikia mdogo kama nilivyojisikia nikilegeza nati za mtu nisiyemjua, ambaye alisema wazi alichokuwa nacho na alichoweza kutoa ndani ya dakika moja, wakati mimi nilikuwa nimefikiri kwa saa mbili. Kesho yake tulimpelekea cheni yake na nyingine mpya, akaichukua yake tu, akasema hiyo mpya niifunge kwenye yangu.

Siku ile, yule aliyekwenda Bomet aliporudi tuliondoka, tukafika shambani saa nane na robo. Jeneza lilikuwa limeshashushwa, kaburi limejaa, wanawake wanapanga maua. Mzee arap Sang alikwenda kusalimia wazee. Mimi nilibaki karibu na pikipiki nikijifanya naangalia tairi, mpaka Weldon akanikuta pale.

Mikono yake ilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko. Hakuwa ameinawa.

"Nilikuta wameinua jeneza kwa kamba," akasema. "Wamesimama hivi, wameshikilia. Kama dakika tano zaidi, ningekuta wameanza kujaza."

Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Uliniudhi. Bado umeniudhi." Akatazama kaburi. "Lakini kama hungesema pale barabarani, sasa hivi ningekuwa nimekaa na wewe Longisa nikikuhurumia." Akaniambia niende nikale kabla chakula hakijaisha.

Basi, mdogo wangu, ninachotaka kukuambia ni hiki. Utajaribiwa kunyamaza kwa sababu nzuri. Utasema hutaki kusumbua watu, hutaki kuchelewesha mtu mwenye msiba, hutaki waone elimu yako haikukusaidia kitu. Ukisikia sababu zinakuwa nyingi, acha kuzihesabu, inama uangalie cheni. Kisha sema. Sema Litein, mahali duka liko hatua ishirini. Kama hukusema Litein, sema Mogogosiek, hata kama utaona aibu kueleza kwa nini ulisubiri. Na kama umenyamaza mpaka imekatika, bado sema, palepale, mbele ya yule uliyemkosea, maana huenda kuna mtu amekaa juu ya jiwe akikungoja kwa wema ambao hustahili, na neno lako ndilo litakalomwachilia aende. Usidhani ukikiri utapendwa siku hiyo. Mimi sikupendwa. Lakini mtu alimzika baba yake.

Na siku utakapokuwa wewe ndiye mkia wa msafara, uliza mara mbili, na usimcheke anayetaja kokoto.

Mungu akupe kazi uliyoisomea, na mpaka hapo akupe tairi zenye upepo na wenzako wenye subira. Akulinde kwenye ukungu na kwenye mteremko. Uende na ufike, na watu wako wakukute mzima.