Databesi Niliyoichagua Peke Yangu

Nikiikumbuka asubuhi moja ya hapa Garissa, mwanangu, nacheka peke yangu, ingawa siku yenyewe nilitamani ardhi inimeze.

Nilikuwa nimetoka chuoni, najiona hakuna fundi kama mimi. Kikundi cha madaktari wa mifugo kiliniomba nikitengenezee mfumo wa mtandaoni wa kuandikisha ngamia wanaochanjwa. Mkuu wao alikuwa Abti Yusuf, kaka wa mama yangu. Databesi, yaani ghala la kuhifadhia rekodi, niliichagua mwenyewe, bila kumuuliza mtu: ile ndogo inayoweka kila kitu katika faili moja. Kwenye laptopu yangu ilikwenda mbio ajabu. Nikaipandisha kwenye seva, kompyuta ya mtandaoni tuliyoikodi, nikajipongeza.

Siku ya chanjo, wahudumu wa vituo vya Takaba na Kutulo, na sisi wa Garissa, tukaanza kuandika kwa pamoja. Haikupita nusu saa, simu zikaanza kulia. "Warya, wewe kijana, inasema databesi imefungwa!" Databesi ile humruhusu mtu mmoja tu kuandika kwa wakati mmoja, na kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake amalize. Ngamia wameshadungwa, rekodi haziingii, na wachungaji wanataka kuondoka. Ngamia asiyeandikwa angeweza kudungwa tena, au kusahaulika kabisa.

Abti akachomoa daftari, akaagiza vituo vyote viandike kwa mkono. Kisha akanigeukia.

"Yaani hiyo databesi yako ina kalamu moja tu?"

"Ndiyo, abti."

"Na ulijua tutakuwa watu wangapi wa kuandika?"

"Sikuuliza."

Akacheka hadi miwani ikamtoka. "Wallahi, umekuja kupikia arusi kwa sufuria ya chai!"

Wiki hiyo hiyo niliipigia simu kampuni yenye seva, nikauliza ina databesi zipi na bakapu, zile nakala za akiba, hufanywa na nani. Tukahamia ile inayopokea waandishi wengi kwa pamoja, na isiyokubali ngamia aingie bila jina la mmiliki wake. Chanjo iliyofuata, simu ya kwanza kutoka Kutulo haikuwa ya malalamiko, bali ya kuniuliza kama nimeshaoa.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujachagua, nenda kwa watakaoutumia mfumo. Jua wako wangapi na wataandika wakati gani. Jua seva unayokodi inakubali nini, na ujaribu kurudisha rekodi kutoka kwenye bakapu kabla hujaihitaji. Ile ndogo si mbaya, hata leo naitumia kwa orodha ya vitabu vyangu. Ila usichague kitu cha watu wengi ukiwa peke yako.

Mwenyezi Mungu akujalie moyo wa kuuliza, na kazi ya mikono yako iwafae walio karibu na walio mbali. Amin.