Jibu la Mboza

Mboza alizaliwa Mnyuzi, akaolewa na kibarua wa reli, akawa mjane kabla mvi hazijamtoka. Mwaka wa sabini na nne lori la operesheni ya kuhamishia watu vijijini likamshusha na sufuria zake mbili kwenye kijiji kipya cha ujamaa, nje ya Mkata, mvua ikinyesha. Vigingi vya kiwanja vilikuwepo, nyumba haikuwepo. Aliyemfungulia mlango ni Mwatumu, mwenyeji wa hapo, mke wa mwalimu wa madrasa. Akampa chumba cha nyuma, na hata sasa, mwaka wa pili, ukuta wao ulikuwa mmoja.

Ndiyo maana siku ya mtihani wake wa ubatizo Mboza alikosa raha. Kanisa lilikuwa halijajengwa. Padri alikuja kwa pikipiki kutoka Korogwe mara moja kwa miezi mitatu, akakaa kwenye kibaraza cha ghala la kijiji. Na siku hiyo ilikuwa zamu ya kupukuchua mahindi. Mwatumu alikuwa pale pale, hatua tatu, na gunia lake.

"Mama Mboza, Yesu Kristo ni nani?" Padri akauliza.

Jibu alilijua. Hakusoma hata darasa moja, alilishika kwa kulirudia kila asubuhi akitwanga. Lakini akamtazama Mwatumu, ambaye kwake Mungu hana mwana, akaona kulisema mbele yake ni kama kuutemea mate mlango aliofunguliwa.

"Ni... nabii mkubwa, Baba."

Padri akafunga daftari taratibu. "Basi tungoje safari ijayo."

"Mwongo huyo!" Mwatumu akadakia, mikono haiachi mahindi. "Mwaka mzima ananipigia kelele ukutani, 'Mungu kweli na mtu kweli', hata mimi nisiyeamini nimekariri. Leo nabii! Mwenzangu, unamwogopa nani? Mimi hilo siliamini, wala sitaliamini. Ila usinifanye mimi sababu ya kumdanganya Mungu."

Watu wakacheka. Mboza akainuka.

"Baba, naomba nijibu tena. Ni Mungu kweli na mtu kweli."

"Kwa maneno yako mwenyewe, maana yake nini?"

"Sisi kuhamishwa huku tuliletewa barua. Aliyeiandika hatujamwona hadi leo. Manabii walileta barua ya Mungu, nawaheshimu. Lakini Yesu si mleta barua. Ni mwenye barua mwenyewe. Kaja, kalowa mvua pamoja nasi, kafa kama sisi, kafufuka. Namwabudu."

Padri akafungua daftari, akaandika. Kesho yake, kwenye misa, angebatizwa kwa jina la Grasiana.

Mwatumu alifunga gunia, akajaribu kuliinua, likamshinda. Mboza alisimama mbali, asijue kama bado ana jirani.

"Ee, mwenye Mungu aliyelowa mvua!" Mwatumu akamwita. "Unanitazama tu? Njoo tubebe, mgongo wangu mimi haujafufuka."