Bi Somoe Hakusaini Karatasi Tupu

Mpaka naandika hapa, bado naona kama watu wamekosea jina.

Bi Somoe, mjumbe wetu wa mtaa hapa Likombe, amefariki juzi kwa presha. Jana tumemzika kijijini kwao, upande wa Mnazi Bay.

Wengi mlimjua kwa Kiswahili chake chenye Kimakonde ndani. Mimi nilimjua hasa siku niliyopekuliwa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kazini bandarini, stoo yetu ilikuwa imepotelewa na waya wa shaba, na shift ilikuwa yangu. Askari watatu wakaja nyumbani, wakamwita mjumbe awe shahidi.

Akaja mikono ina unga wa muhogo. Akaomba hati ya upekuzi, akaisoma kidole chini ya kila neno. Mkubwa wao akamhimiza.

"Nasoma polepole, mwanangu. Mtanivumilia."

Kisha akawaomba watoe vya mifukoni kabla hawajaingia, wasije wakaingia na kitu. Wakatazamana, wakatoa.

Walichukua laptop yangu na simu mbili. Wakampa fomu asaini, eti orodha itajazwa kituoni. Kusema kweli nilitamani asaini tu, yaishe. Nilikuwa naogopa.

"Karatasi tupu sisaini. Andikeni hapa hapa, nikiona."

Akasimama juani mpaka wakaandika vyote vitatu. Chini ya cha mwisho akapiga mstari ili kisiongezwe kingine, nakala akanipa.

Wakanipeleka kituoni, nikaambiwa waya umekutwa kwangu. Nikatoa nakala. Mkuu wa upelelezi akaisoma mara mbili, akampigia Bi Somoe. Jioni nilikuwa nyumbani na mke wangu.

Nilipokwenda kumshukuru alikuwa anaanika muhogo. Akaniambia Katiba inalinda nyumba ya mtu, na haikuuliza kama ni ya bati au ya makuti. Aliishia darasa la saba. Haya aliyapata kwenye semina ya wasaidizi wa kisheria, akayasambaza nyumba kwa nyumba.

Mwezi uliopita jirani yetu alipekuliwa. Kabla hajafungua mdomo, askari walimwonyesha hati, wakaandika orodha mbele yake. Nilimpelekea Bi Somoe habari kitandani, alikokuwa amelala mgonjwa. Akauliza kama walipiga mstari mwishoni. Walipiga. Akacheka mpaka akakohoa.

Jana yule mkubwa wa askari alikuja mazikoni. Alishika koleo, akafukia pamoja nasi.

Bi Somoe, ulisimama mlangoni kwangu nilipokuwa sina sauti. Watoto wangu watakua wanalijua jina lako.

Lala salama, mama. Mtaa wako uko macho.