Meno ya Kiatu cha Waziri

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa mbele, fundi aliingiza mkono ndani ya kila kiatu kilichokuwa kwenye rafu yake. Alianza na cha juu kushoto, akamalizia na cha chini kulia, akipapasa polepole kama daktari anayepapasa tumbo la mgonjwa. Kwa vidole tu alijua nani anakanyagia upande, nani kidole gumba kimeanza kupinda, nani anavaa kiatu cha kaka yake aliyefariki na kinampwaya. Mkewe, alipokuwa hai, alikuwa akimcheka kwamba anawasalimia wateja kabla hawajafika.

Kwa miaka thelathini na minne alikuwa ameshonea viatu katika chumba hicho kimoja, mtaa wa pili kutoka uwanja wa mpira. Palikuwa na meza ndefu, cherehani ya ngozi, kopo la gundi, na benchi la wateja ambalo wateja hawakulipata kamwe, maana lilikuwa la wapiga domo wa mpira. Wawili hawakukosa siku. Mmoja ni mwenye bucha ya jirani, mtu wa sauti nene, mwenyekiti wa mashabiki wa mtaa. Wa pili ni Mwalimu, mstaafu wa hesabu. Na nyuma ya cherehani alikaa binti wa kaka yake fundi, aliyemaliza chuo kikuu mwaka uliopita na bado akingoja kazi. Aliandika vikaratasi vya kutambulisha viatu, akasoma kitabu chake, basi.

"Siku huyu binti akifungua mdomo," mwenye bucha alipenda kusema, "nachinja ng'ombe, mtaa mzima ule bure."

Wiki ile benchi lilikuwa na moto. Timu ilikuwa imefungwa mara tatu mfululizo, na Jumamosi kulikuwa na mechi ya kuamua kama itabaki ligi kuu au itashuka. Lawama zote zilimwangukia mshambuliaji waliyemwita Waziri, kwa sababu alifika mazoezini saa anayotaka, hasalimii mtu, na akishangiliwa hunyoosha mkono mmoja kama anayefungua daraja.

"Waziri ana dharau," mwenye bucha alisema siku ya Jumatano. "Kuna mtu anakimbia pale? Anatembea. Anatafuta mahali pa kuegesha gari."

"Na kocha je?" Mwalimu akamjibu. "Yule Daftari wenu, anaandika dakika tisini nzima, sijui anaandikia nani barua. Mnamwita bingwa. Kikombe kimoja tu, tena aliikuta timu imeshafika fainali. Yeye alishika kalamu."

"Kikombe ni kikombe, Mwalimu."

"Hata mimi ningepanda gari lako likiwa limebakiza hatua mbili kufika, ningejiita dereva."

Walicheka. Fundi naye alicheka. Chini ya meza, ndani ya boksi, kulikuwa na viatu vya Waziri.

Waziri alikuwa amevileta Jumatatu alfajiri, kwa mlango wa nyuma. Alivua soksi ya mguu wa kulia bila kusema neno, na fundi akaona kisigino kilichovimba, cheusi kama zambarau iliyolala. Kila jino la kiatu, yale meno ya chini yanayong'ata majani, lilikuwa likimchoma akikanyaga. Alitaka kisigino kitanuliwe, kiwekwe sponji ndani, na meno ya nyuma yabadilishwe, yawe mafupi.

"Mzee wangu, kocha anajua," alisema. "Kaniambia nikilalamika, nakaa benchi. Na mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Naomba isitoke hapa."

"Haitatoka," fundi alimwambia.

Aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu wote alionao. Kosa lake lilikuwa dogo: Jumatano ile, Mwalimu alipoondoka, alivitoa viatu juu ya meza ili gundi ikauke, akasahau kwamba mwenye bucha bado amekaa.

"Ehee. Hivi si vya yule bwana?"

Mwenye bucha aliviinua, akavipindua. Macho yake yalikwenda kwenye meno. Ya kushoto yalikuwa yameisha upande mmoja, yamechakaa. Ya kisigino cha kulia yalikuwa mazima, yanang'aa.

"Fundi, haya ya kulia umebadilisha wewe?"

Mwaka juzi watu hawahawa walimshuku mkata tiketi wa uwanjani kwamba ameuza siri ya kikosi. Hawakumgusa. Walikivunja kibanda chake vipande vipande mchana kweupe, huku wakiimba, na kesho yake kila mmoja akasema hakuwepo. Fundi alikuwa ameona yote kupitia upenyo wa mlango. Aliyeongoza nyimbo alikuwa mtu huyu huyu aliyesimama mbele yake na kiatu mkononi. Akisema amebadilisha, ataulizwa sababu. Akitoa sababu, ataulizwa kwa nini alinyamaza siku tatu wakati wenzake wanapasua koo kwenye benchi lake.

"Sijayagusa," alisema.

"Hujayagusa kabisa?"

"Mimi nimepaka gundi tu."

Mwenye bucha alitoa simu, akapiga picha mbili. "Mguu wa kulia haugusi chini," alisema taratibu, karibu kwa huzuni. "Ndio mguu anaofungia mabao. Anautunza apeleke kwingine. Ametuuza."

Nyuma ya cherehani, binti aliinua macho kutoka kwenye kitabu. Fundi alijitia hamnazo, akatafuta sindano aliyokuwa ameishika.

Alhamisi picha ilikuwa kwenye simu za mtaa mzima. Ijumaa hata Mwalimu, aliyekuwa akimtetea Waziri, alisema namba hazidanganyi, na meno ya kiatu ni kama namba. Fundi hakupata usingizi. Mara mbili alisimama mlangoni pa bucha, akaona panga likishuka juu ya mfupa, akauliza bei ya maini, akarudi.

Jumamosi asubuhi Waziri alikuja kuchukua viatu. Hakuwa amefungua simu tangu Jumanne; alisema matusi ya watu yanampunguzia pumzi. Alivaa cha kulia, akakanyaga, na kwa mara ya kwanza fundi akamwona akitabasamu.

"Mungu akubariki, mzee wangu."

Fundi alifungua mdomo kumwambia asitokee geti kubwa baada ya mechi. Kilichotoka ni, "Kamba usizikaze sana."

Timu ilifungwa bao moja. Fundi hakwenda uwanjani. Alikaa ndani na binti wa kaka yake, mlango nusu wazi, wakisikia kelele zikipanda na kushuka juu ya mapaa. Kipenga cha mwisho kilipolia, kelele hazikutawanyika kama siku zote. Zilijikusanya mahali pamoja, upande wa geti. Ukaanza wimbo. Fundi aliutambua: ndio ule wa siku ya kibanda. Aliinuka, akafunga mlango, akasukuma komeo, likagonga mara tatu kabla ya kuingia. Wimbo ulipanda, ukapanda, kisha ukakatika ghafla, kama redio iliyozimwa.

Ukimya ule ulimtisha kuliko wimbo.

Baada ya muda mlango uligongwa. Alikuwa mwenye bucha, shati limechanika begani, kiatu kimoja mkononi. Hakuketi.

"Tulimvuta kabla hajabadilisha viatu, akaanguka," alisema. "Kiatu kikachomoka. Soksi ililowa damu, Fundi. Kisigino kimepasuka, mtu unaona nyama. Mimi nauza nyama, lakini ile…" Akaingiza vidole ndani ya kiatu, akatoa kipande cha sponji kilichokatwa vizuri. "Wamempeleka hospitali. Daktari wa timu anasema huenda asicheze tena. Hii uliweka wewe."

Fundi alikitazama kile kipande cha sponji.

"Nilikuuliza," mwenye bucha alisema. Sauti yake nene ilikuwa imekwisha. "Nilikuuliza hapa hapa."

Alikiweka kiatu mezani, akatoka, akaacha mlango wazi. Nje watu walikuwa wakirudi makwao kwa makundi, hakuna anayemtazama mwenzake.

Binti alifunga kitabu, akaja akasimama upande wa pili wa meza. Fundi alimwahi, macho yakiwa chini.

"Nilimwahidi yule kijana, mwanangu. Aliniomba isitoke."

Binti hakutikisa kichwa, wala hakumkatiza. Alingoja mpaka amalize, kisha akauliza kwa ile sauti yake ndogo:

"Baba mdogo, ungeweza kusema umeahidi. Kwa nini ulisema hujayagusa?"

Fundi aliingiza mkono ndani ya kile kiatu, akautoa.

"Niliogopa," alisema. "Niliona wakimgeukia yeye, hawatanigeukia mimi."