Siku Transfoma Zililia Pamoja Mbele ya Mama Mkwe

Homa Bay siku hizi napita nikiangalia chini, na wacha niwaambie sababu mwenyewe kabla hamjaisikia kwa shemeji yangu, maana yule huongeza chumvi.

Mnajua mimi ni fundi wa stima, na nimeolewa huko nikitoka Migori, kwa hivyo mama mkwe huniita Nyar Migori, binti wa Migori, kwa sauti ya mtu anayesubiri kuona kama ng'ombe wa mahari walienda bure (mke wa kuvaa ovaroli hajawahi kumwingia akilini). Yeye ndiye mwenyekiti wa kina mama wenye kiwanda cha barafu ya samaki, na walipoongeza transfoma ya pili kando ya ile ya zamani, akanipa mimi kazi ya kuiwasha. Heshima yangu yote kwenye boma lile ikawa imening'inia kwenye swichi.

Sasa, transfoma ikiwashwa huvuta stima kwa pupa mwanzoni, na rilei, kile kifaa cha ulinzi, hudhani ni hitilafu, inakata. Mimi msomi nikairekebisha rilei ya ile mpya ivumilie. Ya zamani nikaiacha, kwani iko kazini tayari, mambo ya jirani yanaihusu nini?

Pasta akaomba, vigelegele vikapigwa, nami nikanyakua maikrofoni (nani alinituma?) nikatangaza, "Mama, hata taa haitapepesa!" Nikawasha. Mpya ikanguruma, na ya zamani, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaanza kunguruma nayo, rilei yake ikashtuka, tap! Kiwanda giza, mashine za barafu kimya.

Nikasema ni bahati mbaya, nikazima zote, nikaanza upya. Tap! tena.

"Wewe umewasha mpya," mama mkwe akasema, "mbona ni ya zamani imekufa?"

"Mama, ni kama... inamhurumia mwenzake."

"Inamsaidia kulia? Yawa, hapa ni kiwanda ama ni matanga?"

Kicheko kilichofuata nilikisikia hadi kwenye soksi. Nilitaka kulia pia, tungekuwa watatu.

Jioni nikagundua kwamba pupa ya transfoma mpya huambukiza ile iliyo kazini kando yake, nayo ikavuta stima vilevile, basi nikarekebisha rilei ya zamani pia, zote zikawaka bila neno, lakini nani alikuwa amebaki kuona? Nimeapa sitagusa tena maikrofoni kabla ya kukagua jirani. Tena mama mkwe hunipokea vizuri sana sasa, anacheka nikiwa bado langoni.

"Leteni tochi," anaita, "Nyar Mudho amefika." Binti wa Giza. Migori yangu imesahaulika kabisa.