Kupeleka Vizingia Mpwapwa

Niliondoka Makole, hapa Dodoma, asubuhi kwa hasira, wala sitaipa jina zuri zaidi. Mtahini wangu wa nje alikuwa ameikataa tasnifu yangu ya uzamili kwa sentensi moja: vizingia ninavyovieleza havionekani. Bila shahada ile, kazi ya uhadhiri msaidizi niliyoahidiwa chuoni ingekwenda kwa mwingine. Mtahini mwenyewe, mzee tunayemwita Dokta, alikuwa likizo kwao Mpwapwa. Basi nikamfuata.

Kizingia ni kile kitundu kinachotokea katikati ya maji ya sinki ukichomoa kizibo. Mimi nilivitafuta ndani ya kitone cha atomu chache zinazozungushwa kwa kasi. Ukichora wastani wa pande zote, vinafutika. Ishike atomu moja mahali pake, utazame nyingine zimekaaje: hapo vinajitokeza. Niliyaandika hayo, tena kwa urefu.

Njiani, pale Mbande, basi lilisimama kupakia magunia. Mama niliyekaa naye akaniuliza, "Dada, unakwenda msibani?" Nikamwambia karibu sawa.

Mpwapwa niliingia mchana, bodaboda ikanishusha mlangoni kwa Dokta.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, unawe kwanza."

Mgeni hasemi shida yake kabla hajala. Nikameza ugali kwa mlenda, na hasira yangu juu yake.

Vyombo vilipoondolewa nikafungua kompyuta, nikaishika atomu moja kwenye picha. Vitundu viwili vikatokea, safi kabisa.

"Lo! Kumbe vipo!" Dokta akainama karibu na kioo. "Hii uliiweka wapi?"

"Sura ya nne, Dokta."

"Aa. Mimi hutazama picha za mwanzo, zile za wastani. Zikinishinda, siendelei." Alisema bila haya. "Nitawaandikia kwamba nilikosea. Ila nasikia kikao cha ajira chuoni kwenu kilikaa juzi, ile nafasi wameshampa mtu. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu."

Nilitaka kumuuliza aliyeyamwaga ni nani. Kwa adabu nikafunga kompyuta.

Akanisindikiza hadi barabarani. "Niachie hiyo picha," akasema. "Wanafunzi wangu wataifurahia."

Nikamwachia. Sijui kwa nini.

Njia nzima ya kurudi Dodoma nililia, nikisingizia vumbi la dirishani. Nilichojifunza ni hiki: kitu kinaweza kuwepo, ukakithibitisha, aliyekikana akakiri mbele yako, na bado ukarudi nyumbani mikono mitupu. Picha yangu sasa inafundishwa. Mimi natafuta kazi.